Hukumu Inayotangulia Usomaji: Jozi ya Ubinafsi na Ujamaa katika Uhakiki wa Riwaya za Kezilahabi

Ikisiri

Makala haya yanahoji matumizi ya jozi ya dhana za ubinafsi na ujamaa katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, kwa kurejelea riwaya nne za mwanzo za Euphrase Kezilahabi: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hoja kuu ni kwamba maneno yanayounda jozi hiyo katika Kiswahili hayana uzito sawa. Neno ubinafsi ni jina la kasoro ya tabia kabla ya kuwa istilahi ya uchambuzi, na neno ujamaa limebeba kwa wakati mmoja undugu wa damu na sera ya dola. Mhakiki anayeyatumia bila tahadhari hutoa hukumu kabla ya kusoma. Usomaji wa riwaya teule unaonesha kwamba migogoro yake mingi si baina ya mtu mmoja na jamii, bali ni baina ya jamii zaidi ya moja zinazomdai mtu yule yule.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa tahakiki za riwaya ya Kiswahili hakosi kukutana na maelezo ya namna hii: mhusika fulani ameipa jamii yake kisogo, amekumbatia ubinafsi unaotokana na elimu na maisha ya Kimagharibi, na mwisho wake mbaya ni fundisho kwamba Mwafrika hawezi kuishi nje ya wenzake. Maelezo hayo hurudiwa katika miongozo ya wanafunzi, katika majibu ya mitihani na hata katika tasnifu za uzamili. Yanapomhusu Kezilahabi huongezewa neno udhanaishi, na hapo mjadala huonekana umekamilika.

Makala haya hayadai kwamba hakuna tofauti baina ya jamii zinazompa mtu mmoja nafasi pana ya kujiamulia na jamii zinazotanguliza wajibu kwa jamaa. Tofauti hizo zipo, na yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha posa au cha kugawa mirathi anazifahamu. Tunachohoji ni chombo kinachotumiwa kuzieleza. Tutaanza na asili ya jozi yenyewe katika taaluma za saikolojia na isimu, kisha tutayatazama maneno ya Kiswahili yaliyopewa kazi ya kuibeba, na hatimaye tutazirudia riwaya ili kuona jozi hiyo inafichua nini na inaficha nini.

2.0 Asili ya jozi na udhaifu wa vipimo vyake

Jozi hii ilipata nguvu kubwa ya kitakwimu kupitia kazi za Geert Hofstede, hasa kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu athari za utamaduni katika mahali pa kazi. Takwimu zake zilitokana na hojaji walizojaza wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi, hasa kati ya mwaka 1967 na 1973. Katika majedwali yaliyofuata, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliunganishwa kuwa eneo moja lililoitwa Afrika Mashariki, nalo likapewa alama 27 katika kipimo cha nafasi ya mtu binafsi. Marekani ilipata 91.

Alama hiyo ina kasoro mbili zinazomhusu mhakiki wa fasihi. Kwanza, inaziweka nchi nne zenye lugha, dini na historia tofauti katika tarakimu moja. Pili, waliojibu hojaji ni waajiriwa wa kampuni ya kigeni. Mkulima wa Ukerewe, mvuvi wa Pemba na mchungaji wa Monduli hawamo. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha, na mwaka 1973 ndio mwaka ambao Rais Julius Nyerere alitoa agizo kwamba wakazi wote wa vijijini Tanzania wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja kufikia mwisho wa mwaka 1976. Katika kipindi hicho hicho, maana ya kuishi pamoja ilikuwa ikigombaniwa nchini, na hakuna tarakimu moja inayoweza kuusimulia ugomvi huo.

Tafiti zilizofuata zilipanua jozi na pia zikaitia shaka. Hazel Markus na Shinobu Kitayama, mwaka 1991, walitofautisha nafsi inayojitegemea na nafsi inayotegemeana na nyingine, wakitumia kwa kiasi kikubwa ulinganisho wa Marekani na Japani. Hata hivyo, Daphna Oyserman na wenzake walipochambua kwa pamoja matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2002, waligundua kwamba tofauti hizo si kubwa wala si za mfululizo kama ilivyodhaniwa. Wamarekani wenye asili ya Ulaya hawakuonekana kuwa na moyo wa kijumuiya pungufu kuliko Wajapani au Wakorea. Ulinganisho uliokuwa mhimili wa nadharia ukawa ndio uliotetereka.

Kwa upande wa isimu, Emiko Kashima na Yoshihisa Kashima walidai mwaka 1998 kwamba lugha zinazoruhusu kiwakilishi huru cha nafsi kuachwa katika sentensi huelekea kuzungumzwa na jamii zisizompa mtu mmoja nafasi kubwa. Kwa kigezo hicho Kiswahili kingeingia moja kwa moja upande wa ujumuiya, kwa kuwa msemaji husema "nilikwenda" bila kuhitaji "mimi". Lakini mwanaisimu yeyote wa lugha za Kibantu ataona tatizo. Katika "nilikwenda" nafsi haijaachwa, imo katika kiambishi "ni-", na katika vitenzi vingi vya kauli za kawaida haiwezi kuondolewa bila kuiharibu sentensi. Kiswahili hakifichi nafsi. Huitaja ndani ya kitenzi, na huongeza "mimi" pale msemaji anapotaka kusisitiza au kujipambanua. Sarufi haitupi ushahidi wa falsafa ya maisha kwa wepesi huo.

3.0 Maneno yaliyopewa kazi ya kubeba jozi

Tatizo linalotuhusu zaidi limo katika msamiati. Binafsi ni neno lenye asili ya Kiarabu, likiwa na maana ya "kwa nafsi". Kama kivumishi halina lawama: twasema maoni binafsi, sekta binafsi, shule binafsi. Linapopewa kiambishi "u-" na kuwa ubinafsi, maana hubadilika ghafla. Mbinafsi ni mtu anayejipendelea, asiyejali wenzake. Kosa si la kiambishi, kwa kuwa ngeli hiyo hiyo ina uchoyo na ulafi kwa upande mmoja, ukarimu na ujasiri kwa upande mwingine. Ni matumizi ya jamii yaliyoliteua neno hili kuwa jina la kasoro. Katika lugha ya siasa ya miaka ya 1960 na 1970, ubinafsi ulitajwa pamoja na unyonyaji na ubepari katika orodha ya mambo ya kupigwa vita. Hata ubinafsishaji wa mashirika ya umma katika miaka ya 1990, ambao kisarufi unatokana na kitenzi "binafsisha", ulikuwa na mwangwi huo katika masikio ya wengi.

Mhakiki anapotafsiri dhana ya kisosholojia kwa neno hili, sentensi yake hubadilika bila yeye kukusudia. Kusema kwamba utamaduni fulani humpa mtu uwezo wa kuamua ndoa yake ni maelezo. Kusema kwamba utamaduni huo ni wa ubinafsi ni lawama. Mwanafunzi anayesoma sentensi ya pili hawezi kulaumiwa akielewa kwamba mhusika anayejichagulia mchumba ni mchoyo.

Upande wa pili wa jozi una majina mengi, na yote yana harufu nzuri: ujamaa, ujima, umoja, ushirikiano, utu. Kati ya hayo, ujamaa ndilo lenye historia nzito zaidi. Jamaa ni ndugu, watu wa ukoo au wa nyumba moja, ingawa katika mazungumzo ya kila siku twaweza pia kusema "jamaa mmoja" tukimrejelea mtu tusiyemfahamu. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 Nyerere alilichukua neno hilo la undugu akalifanya msingi wa sera, akitaka wajibu wa ndugu kwa ndugu upanuliwe hadi taifa zima na kulivuka. Si haki kudai kwamba aliyapamba maisha ya jadi bila kipimo. Katika andiko la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alikiri kwamba jamii ya jadi ilimwonea mwanamke na kwamba ilikuwa maskini. Lakini tangu hapo neno moja limefanya kazi mbili. Afisa wa serikali na shangazi mzaa baba wote wanaweza kudai kitu kwa jina la ujamaa, ilhali madai yao si ya aina moja.

Kiswahili chenyewe hakikubaliani na mgawanyo wa pande mbili. Tuchukue kirejeshi "-ji-". Kujipendelea na kujivuna ni lawama, kujitolea, kujituma na kujiheshimu ni sifa. Kaulimbiu ya Azimio la Arusha ilikuwa Ujamaa na Kujitegemea, yaani jamaa na nafsi katika pumzi moja. Hakuna aliyewahi kuona kwamba kujitegemea ni ubinafsi, japo mtu anayejitegemea ndiye hasa anayepunguza utegemezi wake kwa jamaa. Methali nazo ziko pande zote. Anayetaja "mtu ni watu" na "kidole kimoja hakivunji chawa" kama ushahidi wa hulka ya Waswahili hana budi kueleza pia "mtegemea cha nduguye hufa maskini" na "kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake". Methali hutumika kwa kadiri ya jambo lililopo mbele ya wasemaji. Haziorodheshi imani zao.

Mfano wa neno kwetu unafaa kutajwa, kwa kuwa mara nyingi hutolewa kama kielelezo cha moyo wa kijumuiya. Mtoto pekee wa mama mjane husema "nyumbani kwetu", wala hasemi "nyumbani kwangu" mpaka awe na nyumba yake. Wingi huo ni wa kweli, lakini una mpaka. Anayeambiwa "kwetu" mara nyingi ndiye asiyehesabiwa ndani yake, ndiyo maana hujibu kwa kutaja "kwetu" pake. Kwa hiyo "sisi" ya Kiswahili haisemi ni watu wote. Kila mara inapotamkwa, inabaki kuulizwa ni sisi gani.

Kipimo cha mwisho cha msamiati huu ni namna uhakiki unavyowachagulia wahusika majina. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anasimama peke yake mbele ya baraza la nchi akitetea elimu ya sheria. Katika Utubora Mkulima (1968), Utubora anaacha ajira na kuchagua jembe kwa uamuzi wake mwenyewe. Wote wawili wanafuata dhamiri zao dhidi ya matarajio ya walio karibu nao, lakini uhakiki huwaita watu wa utu. Bila shaka hilo ni sahihi. Ila linathibitisha kwamba neno ubinafsi halitumiki kueleza uhusiano wa mtu na jamii. Hutolewa mwishoni, kwa mhusika ambaye mhakiki tayari hamkubali.

4.0 Riwaya zinasema nini

Katika Rosa Mistika, Rosa analelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, anayemkataza uhusiano wowote na wavulana na kumwadhibu vikali anapokiuka. Akiwa mbali na nyumbani, masomoni, anaupokea uhuru asioandaliwa kuutumia. Mwishowe Charles, mchumba aliyemtarajia, anamkataa baada ya kutambua kwamba si bikira, naye Rosa anajiua. Usomaji wa kawaida humwona Rosa kama mtu aliyepotoka kwa kujitenga na maadili ya jamii. Lakini tukifuatilia ni nani katika riwaya anayejipendelea, jibu linakuwa gumu. Mamlaka ya Zakaria juu ya binti yake ni mamlaka ya jamaa, yanayoendeshwa kwa jina la heshima ya nyumba. Ulevi wake ni wa kwake peke yake, na gharama yake hulipwa na mke na watoto. Kipimo anachokitumia Charles si matakwa yake tu, ni kipimo alichorithi kutoka kwa jamii na ambacho hakimbani mwanamume. Rosa anakufa kwa kuhukumiwa na maadili ya pamoja ambayo waliomhukumu hawakuyalipia wao.

Kichwamaji ndiyo riwaya inayotolewa zaidi kama mfano wa udhanaishi. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, anadhihaki imani za wazee, na anaishia kujiua. Ni rahisi kumweka katika kundi la wabinafsi. Hata hivyo, msukumo mkubwa wa matendo yake ya mwanzo ni kisasi. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, naye Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, kwa nia ya kulipiza. Mantiki ya dada kwa dada si mantiki ya mtu aliyejitenga na ukoo. Ni sheria ya zamani ya jamaa ndani ya kichwa cha mtu anayeamini kwamba ameachana nayo. Riwaya inatisha kwa sababu Kazimoto hana mahali pa kusimama: ameipoteza imani iliyoupa ukoo maana, lakini bado anatekeleza madeni yake. Jozi ya ubinafsi na ujamaa inatulazimisha kumpa upande mmoja, ilhali masaibu yake yanatokana na kuwa katika pande zote mbili kwa pamoja.

Dunia Uwanja wa Fujo inaipeleka hoja hii katika siasa. Tumaini anatapanya urithi wa baba yake, kisha anageuka kuwa mkulima mkubwa mwenye vibarua. Siasa ya ujamaa inapoyafikia mashamba yake, anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kufa. Msomaji wa Tanzania hawezi kukosa kukumbuka kuuawa kwa Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, huko Ismani tarehe 25 Desemba 1971, mikononi mwa mkulima. Hatumtetei Tumaini. Riwaya haimfanyi shujaa, na jasho la vibarua wake limo katika mali yake. Lakini kumwita mbinafsi aliyeshindwa na ujamaa ni kulirudia tamko la upande mmoja wa mgogoro na kuliita uchambuzi. Katika riwaya mnasikika "sisi" tatu: ya ukoo uliomwachia urithi, ya vibarua wanaomfanyia kazi, na ya dola inayosema kwa niaba ya wote. Ni ya tatu tu iliyopewa jina la ujamaa, na ndiyo iliyo mbali zaidi na maana ya jamaa.

Gamba la Nyoka inathibitisha jambo hilo bila utata. Riwaya hii inashughulikia moja kwa moja uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Wanaopinga hawapingi mmoja mmoja. Wanapinga kama wanakijiji, pamoja na wazee wao na majirani zao, kwa sababu wanatakiwa kuyaacha makazi ambamo ujirani wao umejengwa. Kwa kipimo cha jozi yetu, watu hao ni wabinafsi kwa kuwa wameukataa ujamaa, na ni wanajumuiya kwa kuwa wanaukataa kwa pamoja. Chombo kinachotoa majibu mawili yanayopingana kwa kisa kimoja hakifai kuendelea kutumika bila kurekebishwa.

5.0 Pingamizi mbili

Inaweza kudaiwa kwamba jozi hii, pamoja na kasoro zake, ni ya Kiafrika na si ya kuazima, kwa kuwa wanafalsafa wa bara hili wenyewe wameieleza. Ni kweli kwamba John Mbiti, mwaka 1969, aliueleza utu wa Mwafrika kwa kuukita katika uwepo wa wenzake. Ifeanyi Menkiti, mwaka 1984, alikwenda mbali zaidi kwa kudai kwamba mtu hupata utu wake hatua kwa hatua kupitia jamii. Lakini ni mwanafalsafa wa Kiafrika vilevile, Kwame Gyekye wa Ghana, aliyejibu kwamba jamii haimmalizi mtu. Kwa maoni yake, mtu huzaliwa ndani ya jamii akiwa pia na akili na uwezo wa kuitathmini jamii hiyo, na haki zake haziwezi kufutwa na wajibu wake. Kwa hiyo mjadala umo ndani ya Afrika. Anayewasilisha upande mmoja kama sauti ya bara zima anawanyamazisha Waafrika wengine.

Pingamizi la pili ni la kialimu: mwanafunzi anahitaji pa kuanzia, na jozi rahisi humsaidia. Tunakubali kwamba anahitaji pa kuanzia. Tunachokataa ni pa kuanzia panapokuwa pia pa kuishia. Mwanafunzi anayejua tangu ukurasa wa kwanza kwamba aliye peke yake amekosea hana sababu ya kufika ukurasa wa mwisho.

6.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. La kwanza ni la istilahi. Uhakiki utenge ubinafsi kama jina la tabia ya kujipendelea, popote inapoonekana, hata kwa baba mwenye nyumba au kwa kiongozi anayesema kwa jina la umma. Hali ya mtu kuwa na dhamiri na uamuzi wake ipewe jina lingine. Unafsi ni neno linaloweza kufaa, kwa kuwa linatokana na nafsi, ambayo katika Kiswahili tayari ni uhai, roho na mhusika wa sarufi, na halijachakaa kwa shutuma.

La pili ni la mbinu, nalo ni zito zaidi, kwa kuwa neno jipya linaweza kuchafuliwa kama la zamani. Badala ya kuuliza kama mhusika ni wa ubinafsi au wa ujamaa, tuulize maswali matatu: ni "sisi" gani inayomdai, nani anapewa mamlaka ya kuisemea, na gharama ya dai hilo inalipwa na nani. Maswali hayo yanamhusu Rosa, ambaye heshima ya nyumba ililindwa kwa mwili wake, na yanawahusu wanakijiji wa Gamba la Nyoka. Yanawahusu pia watu halisi. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa katika miaka ya 1970, na wengi waliosita waliambiwa kwamba wanajipenda wao tu. Kizazi kinachosoma riwaya hizi leo vyuoni ni wajukuu wao. Si sawa uhakiki wa fasihi uwafundishe wajukuu hao kuirudia shutuma ile dhidi ya babu na bibi zao, tena bila kuwaambia ilitoka wapi.